Jicho la Mwamuzi na Jeni Isiyoonekana

Maonyesho ya mbwa wa koo safi ni desturi iliyoanza Uingereza katika karne ya 19. Onyesho linalohesabiwa kuwa la kwanza lilifanyika Newcastle mwaka 1859. Mwaka 1873 kikaundwa chama cha Kennel Club ili kutunza daftari za nasaba, na Marekani ikafuata mwaka 1884 kwa kuunda American Kennel Club. Wengi huyaona maonyesho haya kuwa burudani tu. Lakini kwa mwanafunzi wa biolojia ni somo kubwa la urithi.

Jinsi mwamuzi anavyoamua

Mwamuzi hulinganisha kila mbwa na kigezo, yaani maelezo yaliyoandikwa ya mbwa kamili wa ukoo ule. Hutazama meno, hupapasa mifupa na misuli, kisha humtaka mwenye mbwa amkimbize ili mwendo wake uonekane. Washindi wa koo hushindana ndani ya makundi yao, na washindi wa makundi hushindania taji la onyesho zima. Mbwa aliyeshinda hutafutwa sana kwa uzalishaji. Kwa hiyo hukumu ya mwamuzi husaidia kuamua ni jeni zipi zitakazoenea katika kizazi kijacho.

Kasoro nyuma ya madoa

Mbwa wa ukoo wa Dalmatian ni mweupe mwenye madoa meusi au ya kahawia. Kigezo cha Marekani hulinganisha ukubwa wa madoa hayo na sarafu, na mbwa mwenye bato kubwa la rangi huondolewa mashindanoni.

Jicho, hata hivyo, haliwezi kuona mkojo una nini. Katika mbwa wengi, asidi ya yuriki hupitishwa na protini maalumu hadi ndani ya seli za ini, na humo kimeng'enya huigeuza kuwa alantoini, ambayo huyeyuka kwa urahisi zaidi katika maji. Dalmatian anacho kimeng'enya hicho, ila protini yake ya kupitishia ina kasoro. Asidi hubaki katika damu na kutoka kwa wingi katika mkojo, na baadhi ya mbwa hupata vijiwe. Madume huathirika zaidi, kwa kuwa njia yao ya mkojo ni nyembamba. Ikiziba kabisa na mbwa asitibiwe upesi, hufa.

Jeni inayohusika, SLC2A9, ilitambuliwa mwaka 2008. Jeni yenye kasoro ni fifi. Tukiiandika h, na ile tawala H, mbwa wote wa nasaba safi ya Dalmatian walikuwa hh. Mzazi hh akipandishwa na hh, watoto wote huwa hh. Hakuna uteuzi wa ndani ya ukoo, hata uwe makini namna gani, ungeweza kuleta H isiyokuwamo.

Dawa iliyotoka nje

Mwaka 1973 mwanajenetiki Robert Schaible wa Marekani alimpandisha Dalmatian na mbwa mmoja wa ukoo wa Pointer, mwenye HH. Watoto wote walikuwa Hh. Hao walipopandishwa tena na Dalmatian, nusu ya watoto kwa wastani walikuwa Hh na nusu hh. Kila mara walichaguliwa wenye H ili waendeleze uzao. Kwa njia hiyo sehemu ya damu ya Pointer hupungua kwa nusu kila kizazi: 1/2, 1/4, 1/8, 1/16, na kuendelea, lakini H hubaki.

Mwaka 1981 American Kennel Club iliandikisha mbwa wawili wa uzao huo. Wafugaji wengi walipinga, wakidai usafi wa ukoo umevunjwa, na uandikishaji ukasimamishwa. Mlango haukufunguliwa tena hadi mwaka 2011. Kwa miaka 30 daftari lilihesabiwa kuwa bora kuliko figo na kibofu cha mnyama mwenyewe.

Funzo lake ni kwamba umbo la nje si ushahidi wa afya ya ndani, na ukoo uliofungwa hauwezi kujitibu kwa jeni usiyo nayo.

Maswali

1. Mbwa wawili wenye Hh wakipandishwa, ni sehemu gani ya watoto itakuwa hh?
2. Baada ya kurudishwa kwa Dalmatian mara 5, ni sehemu gani ya damu ya Pointer hubaki kwa wastani?
3. Jadilini darasani: je, mwamuzi apewe matokeo ya vipimo vya afya kabla ya kutoa hukumu?