JE, WAPEMBA WALIKUWA WATAKATIFU?

Kijana mpendwa, umezika mtu wako, halafu ukaambiwa eti ni adhabu ya dhambi zake? Hebu simama kidogo usome.

Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja. Mikarafuu mingi mno iling'oka, na meli za Sultani Barghash zikaharibika palepale bandarini, mbele ya Mji Mkongwe. Lakini Pemba, kisiwa jirani, mikarafuu yake ilisalimika. Baadaye ndiyo ikaongoza kwa karafuu. Sasa nijibu: Wapemba walikuwa watakatifu kuliko Waunguja?

Wataalamu wa hali ya hewa wanasema kimbunga hupata nguvu kwenye bahari yenye joto, na pepo zilizokizunguka hukisukuma. Hakiulizi nani mzinzi. Mimi nakubali hayo, na Biblia yangu sijaifunga. Maana mnara wa Siloamu ulipoua watu 18, Yesu alikataa kabisa kwamba walikuwa wakosefu kuliko wenzao. Akawageukia wazima, akawaambia watubu (Luka 13:4-5).

Utasema, basi mbona Mungu hakukizuia? Swali zito hilo. Sayansi haina kipimo chake, na mhubiri anayelijibu haraka haraka, mwogope. Mimi nakupeleka kwenye kaburi la Lazaro. Yesu alipofika pale hakuhoji dhambi za marehemu. Alilia (Yohana 11:35), ndipo akamwita atoke.