Pawasaplai ya Kompyuta na Hesabu ya Umeme

Wanafunzi wengi hudhani kuwa kompyuta yenye pawasaplai ya wati 500 hula wati 500 saa zote. Sivyo. Tarakimu hiyo yaonyesha kiasi kikubwa kabisa ambacho pawasaplai yaweza kutoa. Tukitaka kujua inavuta kiasi gani ukutani, hatuna budi kuuliza mambo mawili: kompyuta yahitaji wati ngapi, na ngapi hupotea njiani.

Kazi ya pawasaplai ni kupokea umeme wa ukutani, ambao hugeuka mwelekeo mara kwa mara, na kuufanya umeme wa mwelekeo mmoja wenye volti 12, 5 na 3.3. Katika kuugeuza, sehemu yake hupotea kwa kuwa joto. Joto hilo halifanyi kazi yoyote, lakini mita imekwisha kulihesabu. Ufanisi ni umeme unaotoka, ukigawanywa kwa unaoingia, mara 100.

Tuchukue mfano. Kompyuta yahitaji wati 100. Pawasaplai yenye ufanisi wa 80 kwa mia itavuta wati 125. Yenye 90 kwa mia itavuta 111. Tofauti ni wati 14 tu. Lakini haba na haba hujaza kibaba: kompyuta 20, zikiwashwa saa 5 kwa siku, kwa siku 60 za muhula, zitaokoa yuniti 84.

Mnunuzi atajuaje ufanisi? Na aangalie alama ya 80 PLUS, iliyoanzishwa Marekani mwaka 2004. Kwa kipimo cha volti 115, pawasaplai inapotoa nusu ya uwezo wake, daraja la Bronze hudai ufanisi wa 85 kwa mia, Gold 90, na Titanium 94.

Hata hivyo, alama peke yake haitoshi. Vipimo vya madaraja mengi huanzia sehemu ya tano ya uwezo. Chini ya hapo ufanisi kwa kawaida hushuka. Basi kuifungia kompyuta ya wati 100 pawasaplai ya wati 1000 ni hasara. Ya wati 300 yafaa zaidi. Tena, iliyo bora huuzwa ghali zaidi, kwa hiyo yatupasa kulinganisha bei hiyo ya ziada na yuniti zitakazookolewa. Kompyuta iwashwayo saa chache kwa juma huenda isirudishe fedha hizo.

Jambo la mwisho halihitaji fedha. Kompyuta moja ya mfano wetu ikiachwa ikifanya kazi bila mtu, hupoteza wati 125 zote. Hizo ni karibu sawa na zinazookolewa kwa kubadili pawasaplai za kompyuta 9. Kwa hiyo mwanafunzi anayeizima kompyuta kabla ya kutoka darasani amefanya kazi ya pawasaplai mpya 9.

Zoezi: Pawasaplai yapokea wati 160 na kutoa wati 136. Tafuta ufanisi wake, na wati zinazopotea.