Kisome kiti kwanza, mwenye kiti baadaye

Ubishi wa Daraja la Kilombero haujawahi kuisha Ifakara. Kaa kijiweni asubuhi, agiza kahawa na kashata, kisha taja jina la mbunge yeyote wa zamani. Kikombe hakijapoa, mmoja atasema, "Huyo ndiye aliyetuletea daraja." Wa pili atakataa kwa kiapo. Wa tatu atauliza kwa dharau kama hamjui kusoma, maana jina la Magufuli limeandikwa palepale darajani.

Mimi ubishi wa namna hiyo nautibu kwa daftari la shule. Kila msimu watia nia wanapoanza kugawa wasifu wao, karatasi ya rangi yenye picha ya mtu kavaa suti, nachora ukurasa wenye safu tano: mwaka, kiti, mipaka ya kiti, alivyoingia, alivyotoka. Wasifu wa mgombea hujaza safu mbili za kwanza kwa herufi kubwa na kuzinyamazia tatu zilizobaki. Kazi yako ni kuzijaza hizo tatu. Nitakuonyesha kwa majina ya bonde letu, ila namna hiyohiyo itakufaa hata ukiwa Kyela au Pangani.

Anza na mipaka, kwa sababu jimbo ni kama shamba la bondeni: jina linabaki lilelile, lakini vigingi vinahama. Mwaka 2010 Abdul Mteketa wa CCM alipochaguliwa kuwa mbunge wa Kilombero, jimbo lilianzia kwenye miwa ya Kidatu, ukingoni mwa Ruaha Mkuu, likapita Mang'ula na Ifakara na kwenda mpaka Mlimba. Mwaka 2015 likakatwa vipande viwili. Upande wa Mngeta, Chita na Mlimba ukawa jimbo la Mlimba, na jina la Kilombero likabaki upande wa Ifakara na Kidatu. Mwaka huohuo, ng'ambo ya Mto Kilombero, majina ya Ulanga Mashariki na Ulanga Magharibi yaliachwa, tukawa na Ulanga na Malinyi. Kwa hiyo mtu akikwambia mbunge fulani wa 2015 alipata kura chache kuliko aliyemtangulia, usibishe wala usikubali. Muulize kwanza anazungumzia Kilombero ipi. Huwezi kulinganisha gunia la mpunga na debe, ukasema mwaka huu shamba limepungua.

Halmashauri nazo zimechanganya wengi. Iliyokuwa Halmashauri ya Wilaya ya Kilombero siku hizi inaitwa Mlimba, na Ifakara ina halmashauri yake ya mji. Ukitafuta nyaraka za zamani kwa jina jipya utaondoka mikono mitupu na kudhani hakuna kilichoandikwa. Majina ya watu yana mtego huohuo. Abubakar Asenga, aliyechaguliwa kuwa mbunge wa Kilombero mwaka 2020, utamkuta pengine akiwa Abubakari, na Susan Kiwanga pengine ni Suzan. Tafuta kwa ubini, utapona.

Sasa safu ya alivyoingia. Hapa kuna milango kadhaa, na kila mmoja una uzito wake. Kuna anayeshinda kura za maoni za chama na kisha uchaguzi wenyewe. Kuna anayeongoza kura za maoni na jina lake likakatwa juu, akapitishwa mwingine. Kuna waliopita bila kupingwa, ambao kabla ya sheria mpya ya uchaguzi ya 2024 walitangazwa bila hata kura moja kupigwa. Sasa mgombea pekee naye lazima apigiwe kura ya ndiyo au hapana. Na kuna viti maalum.

Usidharau viti maalum kabla hujasoma mstari wa juu yake. Regia Mtema alikuwa mbunge wa viti maalum wa CHADEMA na waziri kivuli wa kazi na ajira. Anayesoma cheo tu atadhani alipewa nafasi na chama akakaa. Ukweli ni kwamba mwaka 2010 aligombea Kilombero, jimboni, akiwa binti wa miaka 30 anayetembea na mguu wa bandia, akashindwa na Mteketa, ndipo akaingia bungeni kwa mlango wa pili. Januari 2012 alifariki kwa ajali ya gari huko Ruvu, akazikwa Ifakara. Kwenye daftari langu rekodi yake ni mistari miwili tu, na bado naiona nzito kuliko ya watu waliokaa bungeni vipindi vitatu. Huo ni upendeleo wangu, nakiri.

Linganisha na Susan Kiwanga. Naye aliingia kwa viti maalum mwaka 2010, lakini jimbo jipya la Mlimba lilipozaliwa 2015 alikwenda kuliomba na akalipata. Mwaka 2020 likachukuliwa na Godwin Kunambi wa CCM, aliyetoka kuwa mkurugenzi wa Jiji la Dodoma. Mistari hiyo mitatu inakueleza mambo ambayo hotuba haielezi: mmoja alipanda ngazi ya chama mpaka jimboni, mwingine alitoka kwenye utumishi wa umma. Maswali ya kumuuliza kila mmoja hayafanani.

Kabla hujamsifu mshindi au kumcheka aliyeshindwa, angalia mafuriko. Watu wa Ifakara mnaujua Mto Lumemo: ukifurika hauchagui nyumba ya mvivu wala ya mchapakazi. Uchaguzi nao una mwaka wa namna hiyo. Mwaka 2015, Edward Lowassa akigombea urais kwa CHADEMA chini ya mwavuli wa muungano wa upinzani, UKAWA, chama hicho kilichukua Kilombero kwa Peter Lijualikali, Mlimba kwa Kiwanga, na jirani zetu wa Mikumi wakamchagua Joseph Haule, yule Profesa Jay wa muziki. Mwaka 2020 majimbo yote matatu yalirudi CCM, katika uchaguzi ambao wapinzani waliyakataa matokeo yake na ambao uliiachia CHADEMA jimbo moja tu nchi nzima. Kwa hiyo ushindi wa 2015 usiupime kwa mtu peke yake, na kushindwa kwa 2020 vivyo hivyo. Andika pembeni ya kila mwaka: maji yalikuwa yanaelekea wapi?

Safu ya mwisho, alivyotoka, ndiyo inayotaka subira, na Lijualikali ndiye somo lake zuri kuliko wote bondeni. Januari 2017 mahakama ya wilaya ilimhukumu kifungo cha miezi 6 kwa kufanya fujo siku ya uchaguzi wa mwenyekiti wa halmashauri, Machi 2016. Mwisho wa Machi 2017 Mahakama Kuu ikamwachia huru kwa rufaa. Ukisikia mtu anasema "huyu alifungwa" akaishia hapo, amekupa nusu ya habari. Hukumu ya chini huandikwa pamoja na ya rufaa, kwenye mstari mmoja, tena kwa wino mmoja.

Watu wengi pia waliuliza mbona hakupoteza ubunge. Jibu liko kwenye Katiba, Ibara ya 67: kinachomwondolea mtu sifa ni kifungo kinachozidi miezi 6, kwa kosa linalohusu utovu wa uaminifu. Miezi 6 kamili haijazidi miezi 6. Hilo ndilo jambo dogo ambalo ukilijua utakinyamazisha kijiwe kizima.

Hadithi haikuishia gerezani. Mwaka 2020 Lijualikali akahamia CCM. Kumbuka hapa kwamba Ibara ya 71 inamwondoa mbunge kwenye kiti akiacha chama kilichompeleka, ndiyo sababu tarehe ya kuhama ni muhimu kuliko hotuba ya kuhama: je, alihama kipindi kikiwa kibichi, akaingiza nchi kwenye uchaguzi mdogo, au alihama bunge likiwa linafunga virago? Yeye alihama mwishoni. Mwaka 2021 akateuliwa kuwa mkuu wa wilaya ya Nkasi. Na lile jimbo moja la CHADEMA nililolitaja? Ni Nkasi Kaskazini. Siasa ina utani wake.

Cheo cha uteuzi usikiandike kwenye ukurasa wa kura. Mkuu wa wilaya hakuchaguliwa na mtu. Mpe ukurasa wake.

Turudi darajani, maana niliahidi dawa. Kwa kila mradi unaodaiwa kuletwa na mtu, chora mstari wa miaka, uweke vitu vitatu: ujenzi ulianza lini, ulikamilika lini, nani alikuwa kwenye kiti nyakati zote mbili. Daraja la Kilombero lina urefu wa mita 384. Ujenzi ulianza wakati wa Rais Kikwete, Mteketa akiwa mbunge upande wa Ifakara na Celina Kombani, ambaye pia alikuwa waziri, upande wa Ulanga. Kombani alifariki Septemba 2015, kabla hajaliona limekamilika. Januari 2016 kivuko kilizama palepale mtoni, watu wakiwa bado wanavuka kwa mashaka yaleyale ya miaka yote. Rais Magufuli alilizindua daraja Mei 2018, na mbunge wa upande wa Ifakara siku hiyo alikuwa wa upinzani. Sasa mwambie yule wa kijiweni achague ni nani aliyelileta. Barabara ya Kidatu hadi Ifakara, kilomita 66.9, ifanyie hivyohivyo. Humo utawakuta hata wafadhili, Umoja wa Ulaya ukiwemo, ambao hawajawahi kuomba kura Kiberege.

Mbunge hajengi daraja. Kazi yake ni kuuliza, kubana, kupitisha bajeti na sheria, na kukaa kwenye baraza la madiwani akiwa mjumbe. Ndiyo maana Taarifa Rasmi za Bunge, zile Hansard, zina faida kuliko mabango. Ziko kwenye tovuti ya Bunge, kwa Kiswahili, bure. Tafuta jina lake, kisha tenganisha swali la msingi na swali la nyongeza. La msingi limeandaliwa na kuwasilishwa mapema. La nyongeza mara nyingi ni la kuinuka na kusikika. Halafu soma jibu la waziri mpaka mwisho. Likimalizikia kwenye "kulingana na upatikanaji wa fedha", weka alama, uone kama mbunge alirudi mwaka uliofuata kuuliza tena jambo lilelile. Anayeuliza swali moja mara tatu mimi huniambia mengi kuliko anayeuliza maswali thelathini ya kupita. Fedha ambazo kweli zinapita mkononi mwake ni za Mfuko wa Jimbo, ambao kamati yake yeye ndiye mwenyekiti. Hizo mdai kwa jina la shule na idadi ya mabati.

Ukifika kwenye asilimia, uliza asilimia ya nini. Chukua hesabu ya kufikirika: walioandikishwa 100,000, waliojitokeza 60,000, mshindi kapata 33,000. Kwenye bango atasema wananchi asilimia 55 wanamtaka. Kwa waliopiga kura, sawa. Kwa walioandikishwa ni 33, na waliobaki nyumbani ni wengi kuliko waliomchagua. Andika namba zote tatu, pamoja na kura zilizoharibika.

Na namba nzuri kuliko zote ni za kituoni kwako. Matokeo ya ubunge hujazwa kwenye Fomu 21B na kubandikwa palepale, penye mlango wa darasa au ukuta wa ofisi ya kijiji. Pita ukaipige picha usiku uleule au alfajiri. Oktoba mvua za kwanza zikishuka kutoka Udzungwa, karatasi ile haimalizi wiki.