Kabla Hujaenda TP: Singeli, Kanga na Karatasi Moja ya A4

Hapa chuoni ukitamka neno "disko" mtu hashiki kiuno, anashika kichwa. Ndiyo maana nilipomwambia mwenzangu wa chumba kwamba naandika makala kuhusu muziki wa usiku, aliniuliza kwanza kama UE nimejiandaa. Nimejiandaa, kiasi. Lakini mwezi wa saba hauko mbali, watu wa Elimu tutasambaa tena kwenda kufundisha, na kuna jambo lililonikuta TP ya mwaka jana ambalo ningependa wadogo zangu wa mwaka wa kwanza walisome kabla hawajakabidhiwa chaki.

Nilipangiwa shule moja ya kata hapa hapa Dar, uswahilini. Somo Kiswahili, Kidato cha Tatu, darasa la watoto sabini na kitu. Mada ilikuwa fasihi simulizi, na mimi nikaingia na mifano yangu kutoka kitabuni: nyimbo za kutwangia, wawe za wakulima, kimai za mabaharia. Nikauliza nani amewahi kusikia wawe. Kimya. Nikauliza nani amewahi kutwanga. Mkono mmoja, naye alitwanga karanga kwa bibi yake Masasi wakati wa likizo. Mimi kwetu ni Njombe, nilikuwa na mifano ya kutosha ya nyimbo za shambani, lakini wale hawakuwa watoto wa shamba. Kwenye majalada ya madaftari yao walikuwa wameandika kwa kalamu nene majina ya Msaga Sumu, Dulla Makabila, Man Fongo.

Nikasema poa, nimewapata. Kipindi kilichofuata nikaja na spika ndogo, nikapiga singeli kwa dakika mbili. Darasa liliwaka. Watu wakapanda madawati, mwalimu wa darasa la pili akachungulia dirishani. Halafu nikazima, nikageukia ubao: "Haya, sasa tuendelee. Sifa za fasihi simulizi ni hizi zifuatazo." Nilisikia darasa zima likipumua kama tairi. Kijana mmoja wa nyuma akasema, tena bila ufidhuli wowote, "Kumbe Mwalimu ulikuwa unatuita tu."

Ile kauli iliniuma kuliko maksi yoyote niliyowahi kukosa. Kwenye lekcha za mbinu za kufundisha tunaambiwa tuanze na kile mwanafunzi anachokijua. Mimi nilikifanya chambo. Niliwaonyesha wanachokipenda, kisha nikakirudisha mfukoni kama kwamba kazi yake imeisha. Na ukweli ni kwamba nilikizima haraka kwa sababu sikuwa nakijua. Ningeulizwa swali moja tu kuhusu singeli, ningeumbuka.

Basi Jumamosi na Jumapili ile nikaisoma singeli kama ninavyosoma kozi, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu wengi wetu tunaoishi Dar kwa miaka mitatu tunaicheza bila kuijua.

Singeli ilizaliwa kwenye mitaa kama Manzese, Tandale, Mburahati na Kigogo katika miaka ya 2000. Kabla yake kulikuwa na mchiriku, au mnanda, uliopigwa kwa ngoma na kinanda kidogo cha Casio kilichounganishwa na vipaza sauti vibovu kwa makusudi au kwa umaskini, sijui kipi kilitangulia. Kundi la Jagwa Music ndilo lililoupeleka mchiriku mpaka majukwaa ya Ulaya. Singeli ikachukua ile fujo, ikachukua vipande vya ala za taarabu, ikaviweka kwenye kompyuta na kuviongeza kasi. Kasi yenyewe ni mapigo 200 kwa dakika na kuendelea, nyingine hukaribia 300. Juu yake anakaa mtu wa maiki anayechana bila kupumzika. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilikusanya kazi za studio ya Sisso ya hapa Dar na kuzitoa katika albamu iliyoitwa Sounds of Sisso, na tangu hapo mapromota wa Ulaya wakaanza kuwapigia simu vijana ambao mitaa ya jirani bado iliwaita wahuni.

Mahali singeli ilipolelewa ni kwenye kigodoro, yaani mkesha wa ngoma wa kabla ya harusi au shughuli nyingine. Jina linatokana na godoro, na kila mtaa una maelezo yake kwa nini. Vigodoro vimewahi kupigwa marufuku kwa sababu ya kelele, fujo na uchezaji usiofaa mbele ya watoto. Nasema hivi mapema ili mtu asije akadhani nilikwenda kuutetea usiku wa Dar kwa macho mafumbo. Zipo nyimbo ambazo sitaziingiza darasani hata kwa fimbo.

Jumatatu nilikuwa na vipindi viwili mfululizo, dakika 80. Safari hii sikupiga wimbo ili kuamsha watu. Niliupiga ili tuuhesabu. Nusu ya darasa ilipiga meza kwa kidole kufuata pigo, nusu ikahesabu kwa sekunde 15, kisha tukazidisha mara nne. Tulipata majibu yaliyotofautiana, 228, 240, kundi moja 120 kwa sababu waliruka pigo moja moja, na ubishi wenyewe ukawa somo. Halafu tukaichukua sifa moja moja ya fasihi simulizi na kuiuliza: hii iko kwenye kigodoro au haiko?

Fanani yupo, ndiye mtu wa maiki. Hadhira ipo, na siyo ya kukaa. Mwanafunzi mmoja alieleza kwamba mtu akitunza, yaani akipeleka noti mbele, mwenye maiki anaweza kumtaja jina papo hapo na kuliingiza kwenye mstari, na ukitaja wa mtaa mmoja ukamwacha wa mtaa mwingine unaweza kuzua ngumi. Nikawaambia hiyo ndiyo inaitwa utungo wa papo kwa papo, kitabu kimeieleza kwa mistari miwili, nyinyi mmeieleza vizuri zaidi. Kujisifu kwa mtu wa maiki wakakuita majigambo kabla sijalitaja neno mimi. Lugha yake wakaiweka kwenye simo.

Tulipofika kwenye ushairi ndipo palipochimbika. Shairi la kimapokeo tunalolifundisha lina mizani 16 kwa mshororo, nane na nane, kina cha kati na cha mwisho. Singeli wakaihesabu kwenye vidole ikawakimbia. Kundi moja likasema ni guni, limejaribu sheria likashindwa. Jingine likasema hapana, sheria yake siyo mizani, sheria yake ni pigo, na mwenye maiki akichelewa pigo ndiyo ameharibu, hata kama mizani imetimia. Sikuwa na jibu na sikujifanya ninalo. Nadhani kundi la pili lilikuwa na hoja.

Sasa, mpaka hapo nilikuwa najiona mwalimu. Nikauliza kwa kujiamini, "Haya, sifa nyingine ya kigodoro ni ipi?" Msichana mmoja wa dawati la mbele, ambaye kwa wiki mbili nzima hakuwa amefungua mdomo, akasema: "Mwalimu, sisi hatuendi huko. Sisi tunausikia tu kutoka ndani."

Nilikuwa nimefundisha dakika 60 za somo ambalo nusu ya darasa hawakuruhusiwa kuingia. Wavulana ndio waliokuwa wakijibu. Mimi sikuwa nimeona, kwa sababu kelele zilikuwa nyingi na kelele nilizihesabu kama ushiriki. Jamani, hili liandikeni kwenye andalio la somo: kinachopendwa na darasa kinapendwa na nani hasa, na wengine wako wapi wakati kinapendwa?

Nikamwuliza unasikia nini. Akasema anaweza kujua saa bila simu. Kwanza taarabu, mama zake wadogo wako nje. Singeli ikianza ni saa nne imepita, na baba anafunga mlango wa uani. Spika ikihama ukuta, wamegeuza jukwaa, maana yake mvua inakuja au ugomvi umetokea. Asubuhi ana jaribio la Hisabati.

Kengele ikalia. Nikawapa kazi ya nyumbani: kila kundi litengeneze jarida dogo la karatasi moja kuhusu usiku wa mtaani kwao, kila mmoja kutoka pale anapousikilizia.

Kuhusu majarida nina udhaifu wa kifamilia. Baba alikuwa na boksi la Sani za zamani chini ya kitanda, na mimi nilijua sura ya Ndumilakuwili kabla sijajua sura ya Waziri Mkuu. Sekondari tulisoma Fema, lile jarida la vijana lililoanza 1999 na kugawiwa bure mashuleni, nakala moja ikipita mikono ishirini mpaka jalada linadondoka. Simu haijaua kitu hicho, maana simu shuleni hairuhusiwi. Karatasi ndiyo inayoweza kukaa kwenye dawati.

Namna ya kulitengeneza ni hii, na ukijaribu mara moja hutasahau. Ilaze A4 kwa upana, ikunje upate vyumba vinane, vinne juu na vinne chini. Safu ya chini, kutoka kushoto, andika kwa penseli namba 6, 7, 8, 1. Geuza karatasi kichwa chini, na safu ile nyingine kutoka kushoto andika 2, 3, 4, 5. Kata kwa mkasi mstari wa katikati unaotenganisha safu mbili, lakini vyumba viwili vya kati tu, pembeni usiguse. Kunja kwa urefu, sukuma ncha mbili zikutane katikati, linafunguka kama nyota kisha linalala kama kitabu chenye kurasa nane. Upande wa nyuma unabaki mweupe, kwa hiyo kopi ni ya upande mmoja tu. Steshenari ya pale mtaani ilinitolea kwa shilingi mia kila moja. Bumu lilikuwa limeshaisha, lakini kopi kumi na tano niliziweza.

Jalada ndilo lililonisumbua. Watoto walichora kila kitu: spika, moto, fuvu, bendera ya Jamaika. Kwenye fotokopi ikatoka lami. Nikakumbuka kanga ya mama. Kanga ina pindo linalozunguka pande zote, ina mji katikati wenye picha moja inayoonekana kutoka ng'ambo ya barabara, na ina jina, lile andiko la chini. Rangi chache, mistari minene. Wanawake wa pwani wamekuwa wakichagua na kuvaa mpangilio huo tangu mwishoni mwa karne ya 19, majina yakiandikwa kwa herufi za Kiarabu kabla ya hizi za Kirumi, na mtu akiivaa mbele ya jirani aliyemkosea, jirani anasoma. Nikawaambia: pindo moja, picha moja, jina moja. Fotokopi ikatii.

Yule msichana alichora dirisha la nondo kwenye mji, pindo akalijaza spika ndogondogo, na jina akaandika: KELELE ZENU, USINGIZI WANGU. Ndani aliandika ratiba ya usiku kwa saa, kama ya redio, kuanzia saa mbili mpaka adhana ya alfajiri. Hakumtukana mtu. Ukurasa wa saba aliandika kwamba kuna nyimbo anazipenda na anazijua zote, na amezijulia kitandani. Wavulana waliusoma ukurasa ule wakanyamaza kwa namna ambayo sijawahi kuipata kwa kupiga meza.

Majarida yalikaa kwenye ubao wa matangazo siku moja na nusu. Mwalimu mmoja aliyabandua akasema shule haitangazi vigodoro. Nilikwenda ofisini na jarida lile la dirisha, nikamwomba asome kurasa nane tu. Alisoma nne, akaniambia, "Mwanangu, wewe unaondoka mwezi wa nane. Wazazi watakuja kwangu." Nilikuwa na hasira, lakini alichosema ni kweli. Kama ningemwonyesha kabla ya kubandika, pengine tungekubaliana kuanza na lile la dirisha, ambalo hakuna mzazi angelikataa. Nawe utakayekwenda, pita ofisini kwanza.

Msimamizi wangu kutoka chuoni alikuja siku ya vile vipindi viwili. Alinikata maksi kwenye muda na kwenye udhibiti wa darasa, zote halali. Kwenye ushiriki wa wanafunzi alinipa nyingi, na hapo ndipo nisipokubaliana naye, kwa sababu alikaa nyuma, na kutoka nyuma alikuwa anaona mikono ya wavulana.

Lile la dirisha mwenyewe aliniruhusu nitoe kopi, bila jina lake. Nimeacha mbili kwa katibu wa chama chetu cha wanafunzi wa Elimu. Ukitaka kujaribu kulikunja kabla hujaenda, nenda na A4 yako na penseli.