SOMO: KIPANGA WA VULI NA NYAVU ZA PANGTI



Kabla ya kuendelea, tufungue Biblia zetu tusome Ayubu 39:26, Yeremia 8:7 na Mathayo 10:29. Mafungu haya matatu yanatufundisha habari za ndege, na leo tutayatazama kwa msaada wa ndege mmoja mdogo.

Mvua za vuli zikinyesha, kumbikumbi hutoka ardhini, nao vipanga wa Amur hupita nchini mwetu wakiwala. Dume ni wa kijivu, na miguu yake ni ya rangi ya chungwa. Uzito wake ni kama gramu 150 tu. Huzaliwa mashariki ya Siberia na kaskazini ya China, naye huenda kukaa kusini mwa Afrika mpaka majira ya kurudi. Katika makundi hayo wamo makinda wa mwaka uleule, ambao hawajapata kuiona Afrika hata mara moja.

Je, tunajuaje njia yao? Mwezi wa Novemba 2013, huko Nagaland, kaskazini mashariki ya India, wataalamu waliwafunga vipanga watatu vyombo vidogo mgongoni. Kila chombo kilikuwa na uzito wa gramu 5, nacho hupata nguvu kwa jua. Chombo hutoa ishara, setilaiti huipokea juu angani, na watu huweka alama kwenye ramani. Ndege hao waliitwa Naga, Wokha na Pangti, majina ya watu na mahali pa huko. Ramani ilionyesha jambo la ajabu: vipanga hawa huikata India, kisha huvuka bahari mpaka Somalia, zaidi ya kilometa 3,000, bila mahali pa kutua.

Sisi wa Kunduchi tunaujua upepo unaowasaidia. Ni kaskazi, uleule uliosukuma majahazi ya wazee wetu kutoka Arabuni na Bara Hindi. Kipanga huungoja upepo wake, kama nahodha mwenye akili.

Lakini tusisahau yaliyotangulia. Pangti ni kijiji kilicho karibu na bwawa la Doyang, ambapo vipanga hawa hupumzika kwa wingi mno mwezi wa Oktoba na Novemba. Watu wa pale walitandaza nyavu za kuvulia samaki juu ya miti, wakawanasa na kuwauza. Mwaka 2012 ilikadiriwa kwamba waliuawa kati ya 120,000 na 140,000. Tusiwahukumu upesi. Wakazi wengi wa Nagaland ni Wakristo, Wabaptisti, waendao kanisani Jumapili kama sisi, na fedha ile ilileta chakula nyumbani.

Habari ilipoenea, wazee wa kijiji walikaa baraza, wataalamu wakaeleza, na viongozi wa makanisa wakasaidia kufundisha watu. Wakakubaliana kuacha. Mwaka 2013, msimu mmoja tu baadaye, haikusikika habari ya kipanga hata mmoja kunaswa pale. Na ndege wale watatu wakafungwa vyombo hukohuko walikouawa wenzao.

Tujifunze mambo matatu.

Kwanza, Mungu ndiye aliyemtia kinda maarifa ya njia. Chombo kile hakimwongozi; kinatuonyesha tu jinsi anavyoongozwa.

Pili, toba ya kweli huonekana katika kazi za mikono. Watu wa Pangti walikunja nyavu, nao walipoteza mapato. Pwani yetu nayo imesikia milipuko ya baruti iliyoua samaki wakubwa na wachanga pamoja na kuvunja matumbawe. Aliyepiga baruti naye alikuwa na watoto wa kulisha. Njaa haihalalishi uharibifu, lakini inatudai sisi wengine tumsaidie aachaye.

Tatu, kulinda ni kazi ya wote. Mwaka 2018, katika jimbo jirani la Manipur, kipanga aliyefungwa chombo aliuawa kwa risasi siku chache baada ya kuachiliwa. Wengi wakilinda na mmoja akipiga, safari imekatika. Kijana wa hapa mwenye manati anaweza kumaliza safari iliyoanzia Siberia.

Maswali ya kujadili katika vikundi:
1. Ni wavu gani katika maisha yetu tunaopaswa kuukunja, ingawa unatuletea fedha?
2. Mtaa wetu umsaidieje mvuvi anayeacha njia mbaya?
3. Tuwafundisheje watoto wetu habari za ndege wageni?

Tuombe: Ee Bwana, wewe umjuaye shomoro aangukapo, utufanye wenyeji wema kwa viumbe vyako vipitavyo kwetu, na utupe moyo wa kuacha tunayojua si mema, kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.