Ng'ombe wa Mahari Naye Ana Kibali?



Mwezi uliopita darasani tulikuwa tunasoma kibali cha kusafirisha mifugo. Mzee mmoja akainua mkono. "Mwalimu," akasema, "mwanangu anaoa. Ng'ombe wa mahari watatoka zizini kwangu hapa Kishapu kwenda Meatu kwa wakwe zake. Sikuwaiba, siwauzi, wala hawaumwi. Sasa bwana mifugo anaingiaje?"

Watu wakacheka. Lakini swali ni zuri, na ndilo somo letu.

Mzee alisema hawaumwi. Amejuaje? Kwa macho. Hebu tuchukue homa ya mapafu ya ng'ombe. Ng'ombe aliyeambukizwa anaweza kukaa wiki kadhaa, hata miezi, bila kukohoa. Mwingine huugua, akapona, akanenepa, kumbe ndani ya pafu limebaki donge lenye vijidudu. Siku donge likipasuka, anaweza kuambukiza wenzake. Ugonjwa huu ulikuwa umekwisha nchini mwaka 1964. Mwaka 1990 ukarudi kutoka ng'ambo ya mpaka wa kaskazini. Haukuletwa na upepo. Uliletwa na ng'ombe wanaotembea.

Ugonjwa wa miguu na midomo ni hivyo hivyo. Ng'ombe huanza kuambukiza kabla hajachechemea. Nyati anaweza kuubeba miaka kadhaa bila kuonekana mgonjwa.

Wazee wanakumbuka habari za sotoka walizosimuliwa. Iliingia Afrika Mashariki karibu na mwaka 1890, ikitokea pembe ya kaskazini ambako ng'ombe wagonjwa waliletwa kwa meli. Sehemu nyingi walikufa ng'ombe 9 kati ya 10. Nyati na nyumbu nao walikufa. Watu wakafa njaa, vichaka vikaota malishoni, mbung'o wakaingia. Baadaye ng'ombe walichanjwa, na ajabu ni kwamba wanyama pori nao wakapona. Serengeti mwaka 1961 nyumbu walikuwa kama 250,000. Kufikia mwisho wa miaka ya 1970 walipita milioni moja. Mwaka 2011 dunia nzima ilitangazwa kuwa haina tena sotoka.

Wala si sisi tu tunaodaiwa kibali. Marekani kuna wanyama wa porini wenye pembe za matawi, na wengine hufugwa. Wana ugonjwa wa ubongo unaoweza kukaa mwilini zaidi ya mwaka bila dalili. Huko nako kuwahamisha kuna sheria kali.

Kwetu ipo Sheria ya Magonjwa ya Mifugo ya mwaka 2003. Anza kwa mtendaji wa kijiji, anayejua kuwa ng'ombe ni wako. Kisha bwana mifugo awaone ng'ombe wenyewe, siyo karatasi tu. Ukipewa kibali, kisome hapo hapo: jina, idadi, wanakotoka, wanakokwenda, tarehe. Usiongeze ng'ombe njiani, hata awe wa shemeji.

Najua karantini inauma. Mnada ukifungwa, pesa ya sare na ya sembe inakwama. Na wachinjaji wa machimboni Geita wanataka nyama kila siku, kwa hiyo kishawishi cha kuswaga ng'ombe usiku ni kikubwa. Lakini ng'ombe mmoja mgonjwa akipita usiku, karantini inarefuka, na anayeumia zaidi ni mwenye ng'ombe wawili.

Wiki iliyofuata mzee alikuja na kibali chake, akakisoma mwenyewe mbele ya darasa, polepole. Akasimama ghafla. "Hapa wameandika 6. Mahari ni 8!" Akachukua baiskeli, akarudi kukirekebishiwa. Harusi ilingoja siku mbili.

Maswali ya kikundi
1. Kwa nini ng'ombe aliyenenepa anaweza kuwa na homa ya mapafu?
2. Nyumbu wa Serengeti waliongezeka kwa sababu gani?
3. Andikeni majina ya vijiji ambako ng'ombe wenu walitoka mwaka huu. Wangapi walikuja na kibali?