Mawe Madogo Nyumbani: Urembo Unaofanya Kazi

Katika somo hili tunazungumza juu ya kitu ambacho wengi wetu hukipiga teke tukipita: mawe madogo, laini, yale ambayo mafuriko huyasukuma na kuyaacha ndani ya laga. Tangu zamani tumezoea kuona mawe yamepangwa mistari na kupakwa chokaa kuzunguka mlingoti wa bendera kwa chifu au shuleni. Yanapendeza, lakini yanakaa tu kutazamwa. Garissa hupata mvua ya kama milimita 300 hivi kwa mwaka mzima. Kwa nchi ya namna hii sisi tunaona jiwe nalo lifanye kazi. Kubeba madebe ya mawe juani kwa ajili ya macho peke yake, hiyo ni taabu ya bure.

Tuanze pale penye maji. Kila boma lina mahali watu wanaponawa, wanapotawadha na kuosha vyombo. Hapo ndipo penye matope, nzi, na mbuzi wanaokanyagakanyaga siku nzima. Chimbeni shimo la nusu mita kila upande, kina kifike magotini. Chini jazeni mawe ya ukubwa wa ngumi, halafu yale madogo laini juu mpaka usawa wa ardhi. Maji yatapita katikati ya mawe na kuzama, na juu patabaki pakavu na pasafi. Ukipanda mpapai, mlimau au mwarobaini hatua mbili kutoka hapo, mizizi itayafuata maji yenyewe. Kwa hiyo maji yale yale yamenawisha watu na yamenywesha mti. Maji ya dawa ya kung'arishia nguo yamwageni kwingine.

Lakini ndugu zetu wa Wajir wasikilize vizuri. Kwenu maji ya visima hayako mbali chini, na jiwe la chokaa lina nyufa. Uchafu unaoingia shimoni unaweza kufika kisimani upesi kuliko mnavyofikiri. Msichimbe shimo la namna hii karibu na kisima. Mandera ilipopata kipindupindu mwaka 2016, watu waliona jinsi ugonjwa wa maji machafu unavyotembea.

Kazi ya pili ni kulinda mche. Mche ukiwagiliwa asubuhi, kufika alasiri jua limekwisha kunyonya unyevu wote wa juu. Mawe yakifunika udongo, jua haliugusi, na upepo hauukaushi. Pimeni mduara wa mita moja kuzunguka mche, mtandaze mawe kwa unene wa vidole vitatu, kama sentimita 5 hivi. Mduara mmoja unakula madebe mawili ya lita 20. Acheni nafasi ya kiganja kati ya mawe na shina, lisije likaoza au kuchubuka. Mawe meupe ni bora kuliko meusi, maana jiwe jeusi hushika joto na mche mchanga huungua. Kwenye sukuma wiki msiweke kabisa. Kila mkilima mtakuwa mnaokota mawe.

Tatu, ukuta. Nyumba ya udongo yenye mabati huliwa na matone. Mvua ikishuka kutoka kwenye mabati inachimba mfereji, tope linarukia ukuta, na baada ya misimu michache msingi uko nje. Tandazeni mawe pale matone yanapoangukia, upana wa nusu mita. Tone likipiga jiwe halichimbi. Kwa mita sita za ukuta mtahitaji madebe saba na nusu. Debe moja la mawe lina uzito wa kama kilo 30, basi akina mama wasibebeshwe kichwani. Tafuteni mkokoteni wa punda.

Sasa jambo la hatari, na tafadhali lisomwe kwa sauti katika mkutano. Nge na nyoka hupenda mawe yaliyorundikwa. Huku kaskazini tuna yule nyoka mdogo mwenye sumu kali ambaye akikasirika husugua magamba mpaka yakalia kama mafuta ya kukaangia. Mawe madogo yaliyotandazwa na kubanana hayampi pa kulala. Rundo lililobaki kando ya mlango ndilo linalompa. Siku ya kazi ikiisha, rundo liondolewe siku hiyo hiyo. Mnapookota, pindueni jiwe kwa fimbo kwanza. Watoto wasitumwe peke yao. Na wanaopaka chokaa walinde macho, maana chokaa mbichi inaunguza.

Je, mawe yatoke wapi? Hapa ndipo vikundi vingi vinaweza kuharibu zaidi ya vinavyojenga. Wakati wa kiangazi tunachimba maji katika mchanga wa laga. Mchanga na changarawe ndizo zinazoyaficha maji yale yasikaushwe na jua. Mkizizoa karibu na visima vya mchanga, mmeondoa mfuniko wa chungu. Kingo nazo huporomoka mvua ikija. Okoteni mbali na sehemu za maji, yale ya juu tu, bila kuchimba. Waulizeni wazee kwanza, kwa sababu tangu Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 mali ya ardhi hiyo ni ya jamii, si ya aliye na lori.

Tumesikia wengine wakisema, ati tuuze Nairobi. Huko kweli mawe ya bustani yanauzwa kwa gunia. Lakini Garissa mpaka Nairobi ni kama kilomita 370, na nauli ya lori itameza faida. Afadhali kuwawekea majirani mashimo ya maji kwa malipo ya kibarua.

Kazi hii ifanyike kabla ya mvua za Gu za mwezi wa Machi, au Deyr za Oktoba.

Maswali ya kuzungumza kikundini: Maji ya kunawia katika maboma yetu yanaishia wapi? Ni sehemu gani ya laga yetu isiyofaa kuguswa, na nani atailinda? Tuanzie kwa nani asiye na nguvu za kubeba mawe mwenyewe?